DARSA YA FIQHI: GESI NA MBOLEA ITOKAYO KATIKA MASHIMO YA VYOO

Ama baad. Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na kwengineko, darsa ya leo imetoka chooni. Twawaomba radhi kwa neno hilo, ingawa hatudhani kuwa pana haja kubwa ya kuomba radhi, kwani wanavyuoni wetu hawakuona haya kuvianza vitabu vyao vya fiqhi kwa mlango wa tohara na najisi, na mtoto wa chuo hufundishwa kustanji kabla ya kufundishwa kuhirimia Sala. Aonaye haya kuuliza jambo hili atakaa na ujinga wake, na ujinga wa jambo hili una gharama, kama mtakavyoona.

Sisi tuliotoka pwani tukaja kukaa huku bara, darsa zetu twazisoma Kondele, mtaa wa Kisumu ulio kando ya barabara iendayo Kakamega, jirani na Manyatta, si mbali na hospitali kubwa ambayo wenyeji mpaka leo huiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Hapo tuna chuo chenye wanafunzi wa kulala 80. Bomba la maji machafu la mji halikutufikia. Tuna mashimo mawili, na mvua za masika zikinyesha maji ya ardhini hupanda, mashimo yakafurika, na yaliyomo yakatiririka mtaroni mbele ya nyumba za watu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Na kipindupindu kimekwisha kuuzuru mji huu zaidi ya mara moja. Basi huliita lori la kufyonza, tukalipa; na baada ya miezi miwili tukaliita tena. Na huku jikoni twanunua mkaa kwa magunia, na bei ya mkaa haijui kushuka.

Kabla ya Ramadhani iliyopita akatujia fundi mmoja wa Manyatta, Mwislamu, mjenzi wa matangi, akasema: "Maalim, haya mnayolipia yaondolewe yana moto ndani yake. Nipeni idhini nijenge tangi chini ya ardhi, vyoo vyote vimimine humo, na jiko lenu litawaka." Wazee wakagawanyika. Mmoja akasema kuwa chakula cha watoto wanaosoma Qur'ani hakipikwi kwa moto wa kinyesi. Kisha wote wakanitazama mimi. Nami nikajibu palepale, bila ya kufungua kitabu, kuwa moshi wa najisi ni najisi, na kilichopikwa kwa najisi hakiliwi. Jawabu hilo lilikuwa la makosa, na darsa hii nimeiandika ili nilirejee mbele ya watu kama nilivyolitoa mbele ya watu.

Kosa la mwenye kufundisha halikai peke yake. Jirani yetu mmoja, mama mjane mwenye watoto, alikuwa akipika katika jiko la shilingi chache lililo pamoja na choo cha umma, na jiko hilo huwaka kwa gesi ya choo hicho. Jawabu langu likamfikia siku ya pili ya mfungo, jua likikaribia kuchwa, na sufuria ya maharagwe ya futari imekwisha kuiva. Akaimwaga. Usiku ule yeye na wanawe walifuturu kwa tende na maji. Khabari hiyo sikuipata illa baada ya siku kumi.

Wanavyuoni husema kuwa kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu, na mimi nilikihukumia nisichokifahamu. Kwa hivyo tuanze kwa kufahamu.

Sisi watu wa pwani twajua kuvundika. Ndizi mbichi hutiwa shimoni juu ya majani makavu, zikafunikwa hewa isipite, na baada ya siku chache hutoka zimeiva, na ukitia mkono shimoni wasikia joto. Tangi la gesi ni mvundiko wa namna yake. Tope la choo huingia kwa upande mmoja. Tangi limezibwa ili hewa isiingie. Na ndani yake wamo vijidudu ambao hewa kwao ni sumu, nao huyala mabaki ya chakula yaliyomo topeni na kuyavunjavunja. Kitokacho juu ni gesi, ambayo zaidi ya nusu yake, baina ya 55 na 70 kwa mia, ni methani, nayo ndiyo iwakayo. Iliyobaki aghlabu ni kabonidayoksaidi, pamoja na sehemu ndogo ya gesi yenye uvundo wa yai viza. Kazi hii hupendelea joto lililo karibu na la mwili wa binadamu, digrii 35 hivi. Katika nchi za Ulaya hulazimika kuchoma sehemu ya gesi yenyewe ili tangi lipate joto. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na pwani yenu ina joto kuliko Kisumu. Kwa hivyo kile wenzetu wakinunuacho, sisi tumepewa bure. Katika mitambo inayopashwa joto tope hukaa siku 20 hadi 30, na katika matangi ya kawaida hukaa zaidi. Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo ina nguvu ya kama kilowati-saa 6, yaani ni mfano wa zaidi ya nusu lita ya dizeli.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalifahamu, nami sikulifahamu mpaka fundi aliponieleza. Mtu hudhani kuwa gesi ikisha kutoka, basi lile tope limekufa, halina faida tena. Sivyo. Kiondokacho pamoja na gesi ni kaboni na hidrojeni, lakini naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambazo ndizo chakula cha mimea, hubaki karibu zote katika tope na maji yake. Bali naitrojeni hutoka tangini ikiwa katika hali ambayo mizizi huichukua kwa upesi zaidi. Kwa hivyo kitu kimoja hutumika mara mbili: mara ya kwanza jikoni, na mara ya pili shambani.

Tazameni sasa yatendekayo ikiwa hakutumiwa hata mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugumaji lilionekana katika Ziwa Victoria, na kufikia mwaka wa 1998 lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam, hii iliyo mbele ya Kisumu. Vyombo vya wavuvi vikashindwa kutoka pwani, na samaki wakaadimika kwa wanyonge. Gugu hilo lingali lapo, huja na kuondoka kwa upepo. Nalo hula nini? Hula fosforasi na naitrojeni zile zile, zitokazo mashambani, zishukazo na mito, na zitokazo katika vyoo vya miji iliyouzunguka ukingo wa ziwa. Mbolea tuliyoitupa imeotesha shamba, lakini shamba lenyewe ni la gugu. Kisha mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000 hapa Kenya, mpaka serikali ikaingia kati na kutoa mbolea ya bei nafuu. Na fosforasi ya kiwandani huchimbwa katika mawe, na sehemu kubwa kabisa ya mawe hayo yaliyobaki duniani iko Moroko. Wajerumani, ambao ni matajiri kutushinda, waliweka kanuni mwaka wa 2017 kuwa kuanzia 2029 mitambo mikubwa ya maji machafu iitoe fosforasi iliyomo topeni, isitupwe. Mtu huyo tajiri aokota, na sisi maskini twamwaga!

Wazee wetu waliniuliza: je, haya si mambo mapya ya Wazungu? Nikawaambia kuwa wenye asili ya Yemen miongoni mwetu huenda wameisikia khabari ya Sana'a kwa babu zao. Katika mji huo wa kale nyumba ni ndefu, za dari nyingi, na choo kilikuwa kikidondosha kikavu chake ndani ya bomba refu la ukuta mpaka chumba cha chini, na maji yake yakiongozwa njia yake mbali, yakaukie ukutani. Kile kikavu kilikusanywa, kikaanikwa, na kikachomwa kupashia maji ya hamamu za mji. Na jivu lake likapelekwa bustanini. Na bustani hizo zilizokuwa ndani ya mji nyingi zilikuwa wakfu wa misikiti, na maji ya kunyweshea yalikuwa ni maji yaliyotoka katika udhu wa wenye kusali. Zingatieni mpango huo: hamamu, msikiti, bustani na choo vimefungamanishwa kwa kamba moja, na hakuna kilichotupwa. Watu wakioga kwa maji yale kwa ajili ya Sala ya Ijumaa, na wanavyuoni wa mji wakiwa pamoja nao.

Aweza mtu kusema kuwa watu wa Sana'a wengi wao walikuwa Zaidi, si Shafi'i kama sisi. Vyema. Basi na aende Andalus, kwa Ibn Bassal wa Toledo katika karne ya 11 na Ibn al-Awwam wa Sevilla katika karne ya 12. Hao waliandika vitabu vya ukulima, na wote wawili wakakihesabu kinyesi cha binadamu katika jumla ya mbolea, wakafundisha kuwa kikalishwe mpaka kikomae ndipo kitumike. Tulipoacha kusoma vitabu vya wenyewe kwa wenyewe, ndipo elimu yetu ikawa huturudia ikiwa imevaa kofia ya Kizungu, nasi tukaiogopa.

Lakini gesi yenyewe, ni kweli, ni Wazungu na Wahindi walioishika mwanzo. Mwaka wa 1895 katika mji wa Exeter, Uingereza, gesi ya matangi ya maji machafu iliwashia taa za barabarani. Hapa Kenya mkulima mmoja wa kahawa, Tim Hutchinson, alijenga tangi lake mwaka wa 1957, si la vyoo bali la mabaki ya shambani, na baada ya muda akaona kuwa tope litokalo lilimpa kahawa nzuri, akawa anawajengea na wengine.

Mfano ulionivutia mimi kuliko yote ni wa Rwanda. Baada ya mauaji ya mwaka wa 1994 magereza ya nchi ile yalijaa watu kupita kiasi. Gereza moja laweza kuwa na watu elfu kadhaa, nao lazima wale. Kuni zikamaliza pesa na miti. Na vyoo vikafurika vikishuka mabondeni kwa raia. Chuo cha sayansi na tekinolojia cha Kigali kikajenga matangi ya mviringo chini ya ardhi, yameunganishwa moja kwa jingine, la kwanza katika gereza la Cyangugu mwaka wa 2001. Kuni zikapungua kwa kama nusu, uvundo ukapungua, na tope likaenda katika bustani za gereza. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ashden huko Uingereza mwaka wa 2005. Mimi nilisema nafsini mwangu: ikiwa wafungwa elfu kadhaa wamepikiwa, na mji umepumzika na najisi iliyokuwa ikitiririka, basi maslaha haya hayapuuzwi na mtu aliyesoma mlango wa maslaha.

Karibu zaidi nasi ni Kibera ya Nairobi, mtaa ambao asili yake ni makazi ya askari wa Kinubi, Waislamu. Huko shirika la Umande Trust lilijenga pamoja na wenyeji nyumba za vyoo na bafu zenye tangi la gesi chini na jiko juu, na Kisumu vilevile shirika hilo lilifika. Mwanzoni walikuwapo waliokataa kula kilichopikwa kwa gesi hiyo, wakiona kinyaa. Kinyaa ni tabia ya mtu, na hukumu ni jambo jingine, twaomba msichanganye. Na Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, mtambo mkubwa wa Bugolobi uliojengwa katika miaka ya karibuni una uwezo wa kusafisha lita milioni 45 za maji machafu kwa siku, na tope lake hutiwa matangini, na gesi yake ikazungusha mashine za umeme za kilowati 630, umeme utumikao na mtambo wenyewe. Mji wetu wa Kisumu una mtambo wa Kisat, uliojengwa mwaka wa 1958, na una mabwawa ya Nyalenda. Mwenye kusimama ukingoni mwa mabwawa ya namna hiyo huona mapovu yakipanda juu ya maji. Yale mapovu ni gesi, yaenda zake hewani, na methani ikiachwa hivyo huizidishia dunia joto mara nyingi kuliko kabonidayoksaidi ya uzito wake.

Sasa turudi kwenye hukumu.

Siku moja baada ya darsa ya alasiri yule fundi alikaa nyuma watu walipoondoka, akaniuliza kwa adabu: "Maalim, ile gesi ya choo, yapanda kwa moto au yapanda yenyewe?" Nikamwambia, yapanda yenyewe. Akasema, "Basi nilidhani pana tofauti," akachukua kikapu chake cha vyombo akaenda. Nilifika nyumbani nikafungua vitabu, na pale palipo masuala niliyoyahifadhi utotoni nikaona kuwa nilihifadhi nusu. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, moshi wa najisi iliyochomwa ni najisi, na kidogo chake husamehewa. Hiyo ndiyo nusu niliyoijibia watu. Na nusu ya pili ni hii: mvuke upandao kutoka kwenye najisi, ukiwa umepandishwa na moto ni najisi, na ukiwa umepanda wenyewe bila ya moto ni tohara, na mfano wautoao ni hewa itokayo chooni! Kadhalika upepo utokao tumboni mwa mtu ni tohara. Huvunja udhu, lakini haunajisi nguo. Tangi la gesi halichemshwi kwa moto. Gesi yake ni ile ile hewa ya choo, imekusanywa mahali pamoja. Basi yenyewe ni tohara, na ikiwashwa jikoni kiwakacho ni kitu tohara, wala hakuna moshi wa najisi. Na juu ya hayo, baina ya moto na chakula pana sufuria.

Hata lau tungeshika kuwa gesi ile ni najisi, haingefuata kuwa chakula ni haramu. Wanavyuoni wameruhusu kuwasha taa kwa mafuta yaliyonajisika, isipokuwa msikitini. Kutumia najisi kwa haja ni jambo moja, na kuila ni jambo jingine. Watu wangapi wa vijijini, Waislamu wema, hupika kwa samadi kavu ya ng'ombe, ambayo katika madhehebu yetu ni najisi, na hatujawahi kuwaamrisha kumwaga chakula chao?

Ama tope litokalo upande wa pili, hilo tusilichukulie wepesi. Kwa Shafi'i najisi haigeuki tohara kwa kubadilika hali isipokuwa katika vitu vichache, kama mvinyo ugeukao siki wenyewe na ngozi itiwayo dabagha. Hata jivu la najisi kwetu ni najisi. Hanafi wao husema kuwa kitu kikisha kugeuka kabisa kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo imegeuka. Mimi siwezi kuwaambia kuwa tope lililotoka tangini limegeuka kitu kingine kabisa. Bado ni tope, na aliyenalo mkononi aoshe, na nguo iliyoguswa isisaliwe. Lakini kulitia shambani yajuzu, ingawa ni makuruhu kwa wengi wa wenzetu. Mmea uotao hapo ni tohara, na tunda lake ni tohara, na jani lililoguswa na tope huoshwa. Hanbali wao wametia mkazo zaidi, wakataka mmea uliolishwa najisi unyweshwe maji safi kwanza ndipo uliwe. Mwenye kutaka kujitenga na khilafu na afanye hivyo, hapotezi kitu.

Kuuza je? Katika madhehebu yetu najisi yenyewe haiuziki. Lakini mwenye tope ana haki ya kulishika kwake, na yafaa apokee malipo ili aondoe mkono wake na mwingine achukue, na yafaa apokee ujira wa kulikausha na kulibeba. Haya ni maneno ya mafakihi, wala si hila niliyoitunga mimi. Basi mapatano yaandikwe hivyo, yasiandikwe kuwa ni bei ya tope.

Sasa, ndugu zangu, msije mkasoma hapa mkaenda kuchimba kesho. Pana hesabu, na pana khatari.

Hesabu ni kuwa kinyesi cha mtu mmoja hutoa gesi kidogo, kama lita 20 hadi 30 kwa siku. Wanafunzi wetu 80 wakikadiriwa lita 25 kila mmoja, jumla ni lita 2,000, yaani mita 2 za ujazo. Jiko moja la kawaida hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Kwa hivyo twapata moto wa jiko moja kwa saa tano au sita. Huo watosha chai na uji wa asubuhi, na pengine mboga. Hautoshi sima na maharagwe ya watu 80. Fundi mwenyewe hakutuficha. Alisema tukiongeza maganda na mabaki ya mboga kutoka soko la Kibuye, na samadi ya ng'ombe, gesi itazidi sana, kwani chakula ambacho hakijapita tumboni mwa mtu kina nguvu nyingi zaidi kuliko kilichopita. Mwenye nyumba moja ya watu sita akijengewa tangi la choo peke yake, akaahidiwa kuwa hatanunua mkaa tena, amedanganywa. Jambo hili ni la chuo, la msikiti mkubwa, la soko, la gereza, na la mji mzima.

Khatari ya kwanza ni roho ya mtu. Ile gesi yenye uvundo wa yai viza, ikiwa nyingi huua pua kwanza, mtu asisikie harufu, kisha ikamwua yeye. Ndiyo sababu mara nyingi husikia kuwa mmoja ameshuka shimoni akaanguka, wa pili akashuka kumwokoa akaanguka, na wa tatu akawafuata. Asishuke mtu ndani ya shimo wala tangi kwa hali yoyote, hata likionekana tupu, illa wenye vyombo vya kazi hiyo. Na methani ikichanganyika na hewa kwa kadiri ya 5 hadi 15 kwa mia hulipuka kwa cheche. Kwa hivyo pasivutwe sigara wala kuwashwa kibiriti karibu na tangi.

Ya pili ni minyoo. Tangi la joto la kawaida hupunguza vijidudu vingi vya maradhi, lakini mayai ya mchango hutoka humo mengi yao yakiwa hai. Tope lipigwe jua, au livundikwe pamoja na majani makavu mpaka lipate joto la kupita digrii 50 kwa siku nyingi, au liwekwe. Mwongozo wa Shirika la Afya la Dunia wa mwaka wa 2006 wataja kuwekwa zaidi ya mwaka mmoja katika nchi za joto kama zetu. Na hata hapo lipelekwe kwenye miti, mahindi na majani ya ng'ombe, lisitiwe kwenye nyanya na salata ziliwazo mbichi.

Ya tatu yahusu miji, si vyuo. Tope la bomba la mji mzima huchanganya vyoo na maji ya gereji na viwanda, na ndani yake huenda mkawa na risasi na madini mengine mazito, ambayo vijidudu havili na jua halikaushi. Tope la namna hiyo lipimwe kwanza. Ndugu zetu wa Mombasa, ambako nyumba nyingi za kisiwani hutumia mashimo yaliyochimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji ya visima yako chini ya jiwe hilo hilo, wafikiri jambo hili kwa namna yao: shimo lisilovuja ni faida kwa kisima kabla ya kuwa faida kwa jiko.

Hukumu ya maji yaliyosafishwa yakawa safi, ikiwa yafaa kwa udhu au hayafai, ni mlango wa peke yake. Baraza la wanavyuoni wakubwa la Saudia lililiamua jambo hilo mwaka wa 1398, sawa na 1978, na darsa ya mwezi ujao tutaisoma hiyo, inshallah.

Tangi letu limekwisha kuchimbwa, na kuta zake zimepanda mpaka kifuani mwa mtu. Mzee aliyekataa mwanzo amekubali kwa masharti: moto huo upike, lakini taa za msikitini zisiwashwe kwa gesi hiyo. Kwa niliyoyaeleza juu hakuna haja ya sharti hilo, lakini tumemkubalia, kwani taa za msikiti zinawaka kwa umeme na hatupotezi kitu kwa kumridhisha mzee.

Ama yule mama, nilimwendea nyumbani kwake pamoja na mke wangu, nikamwambia kuwa chakula chake kilikuwa halali, na kosa lilikuwa langu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, zilikuwa kilo mbili." Nikampelekea kilo mbili siku ile ile. Na wengine waliolisikia jawabu langu la kwanza, Kondele, Manyatta, Kaloleni na popote lilipofika, wajue kuwa nimelirejea, na wamfikishie asiyekuwapo.

Wallahu aalam.